Nimekuta uamuzi wa nidhamu dhidi ya mshauri wangu wa saikolojia. Nimwambie kwamba nimeusoma?

Upepo_Mwanana

Wanajukwaa, habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu. Jambo hili linaninyima usingizi, na mtu ambaye kwa kawaida ningempelekea ndiye huyo huyo ninayemzungumzia.

Mimi ni mwanamke, mtu mzima, na naonana na mshauri huyu tangu kaka yangu afariki. Ni mwanamume wa makamo, mpole lakini mwenye msimamo. Saa yake ya mezani ameielekeza upande wangu ili nami nione muda unavyokwenda. Muda ukiisha tunaagana, hata kama machozi hayajakauka. Atasubiri nivute pumzi, ataniuliza kama naweza kufika nje mwenyewe, basi. Nikimtumia ujumbe usiku anajibu asubuhi, tena mstari mmoja tu: tutalizungumza kwenye kikao. Ukavu huo uliniumiza mwanzoni, ila nimepata nafuu ndani yake. Nilipoanza kwenda kwake sikuweza hata kufungua mlango wa chumba cha kaka. Leo nguo za marehemu nimeshazigawa kwa mkono wangu.

Majuzi mfanyakazi mwenzangu, naye ana msiba wake, aliniomba nimwelekeze kwa mshauri wangu. Nikaingia mtandaoni kutafuta namba ya ofisi. Chini kidogo ya anwani kulikuwa na kiungo cha baraza linalotoa leseni za fani yake: uamuzi wa shauri la nidhamu, jina lake kamili juu. Ni wa miaka mingi nyuma, kabla sijamfahamu.

Nimeusoma wote. Alikopa pesa kwa mteja wake, mwanamke anayetajwa humo kama Mteja A. Alipokea zawadi kutoka kwake. Walikuwa wakizungumza kwa simu usiku kwa miezi, na maongezi yenyewe yalihusu ndoa yake yeye mshauri, iliyokuwa inavunjika. Yule mwanamke alipoanza kuulizia deni, akaandikiwa barua kwamba huduma imesitishwa. Hakuelekezwa kwa mshauri mwingine. Baraza lilimsimamisha kazi mwaka mzima, likamwamuru asome upya maadili ya kazi, na akirudi afanye kazi chini ya msimamizi kwa muda.

Jambo la kimapenzi halimo. Nalisema mapema kwa kuwa najua mtauliza.

Sasa kinachonitesa ni hiki. Mwaka jana nilimpelekea kalamu, nzuri, ndani ya kisanduku. Alifungua, akaitoa, akaizungusha vidoleni, akairudisha mahali pake na kunisogezea kisanduku juu ya meza. Akasema, "Nia yako nimeipokea. Kalamu siwezi." Nilitoka pale nimenywea. Tangu nisome ule uamuzi, kalamu hiyo hainitoki kichwani. Je, yule ni mtu aliyejifunza, au ni mtu aliyejua tu kwamba anatazamwa?

Na kuna zaidi. Kaka aliniachia fedha. Mshauri anazijua habari zake zote, na anajua pia kwamba mimi ni mtu nisiyeweza kumnyima anayeniomba. Hilo nimelisema mwenyewe, kwenye kiti kile kile.

Alipaswa kuniambia? Nimweleze kwamba nimesoma? Na mtu anawezaje kuendelea kufunguka mbele ya mtu ambaye sasa anamchunga?

Nahodha

Pole sana dada. Mimi sina mengi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu aliyemkopa mgonjwa wake, kisha akamfungia mlango alipodai chake, wewe unakwenda kumweleza habari za urithi? Ondoka, wala usimwage maelezo. Huna deni naye.

BinSubira

Nahodha, kaka yangu, umepiga nyundo kabla ya kusikiliza shauri. Watu hubadilika. Na wanaotibu roho za wengine, wengi wana historia zao. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba ya mazungumzo iitwayo DBT kwa watu waliokuwa wakitaka kujiua, mwaka 2011 alisimulia hadharani kwamba akiwa binti wa miaka 17 alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akijikata na kujichoma. Je, watu wangekimbia tiba yake kwa sababu ya historia hiyo? Huyu mshauri kaadhibiwa, kamaliza adhabu, karudi. Adhabu isiyo na mwisho si haki.

Sauti_ya_Pili

BinSubira, nakuheshimu, lakini mambo uliyoyaweka kwenye kapu moja hayakai pamoja. Linehan alijiumiza mwenyewe, na alipopona akautumia ujuzi wa maumivu yake kuwasaidia wengine. Huyu mshauri aliumiza mtu aliyemjia akiwa tayari ameumia. Mshauri aliyewahi kuugua, kulewa, kufilisika au kutalikiwa, hayo ni maisha yake. Aliyemtumia mteja, hiyo ni kazi yake. Dada Upepo hakukuta siri ya nyumbani kwa mtu, amekuta taarifa ya kazini.

Nasema haya kwa sababu mimi nilikuwa Mteja A wa mtu mwingine.

Upepo, nitakueleza ilivyoanza kwangu, ulinganishe na unayoyaona. Hakuna siku aliyoingia akaniambia nipe pesa. Kwanza kikao kilianza kurefuka. Akasema hana mteja baada yangu, hakuna haraka, nami nikajiona nimependelewa. Kisha ukaja ujumbe wa kunijulia hali usiku. Halafu siku moja nilikuta amechoka, nikamuuliza kulikoni, akanijibu. Hapo ndipo palipogeuka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naingia mle ndani nikichunguza uso wake yeye, nikipanga nisimwelemee. Akawa ananiambia mimi ndiye pekee ninayemwelewa. Alipokuja kuomba mkopo nilishukuru kuaminiwa. Nasema nilishukuru, sijakosea kuandika.

Kwa hiyo usihesabu tu makosa yaliyo kwenye karatasi. Angalia leo. Kikao chako ni chako? Unatoka umebeba habari zako au zake? Kwa maelezo yako, mtu huyu anatunza mipaka kuliko wengi. Inaweza kuwa ni kujifunza kweli.

Lakini mtu yeyote asikwambie samehe. Wewe hukukosewa na yeye, huna cha kusamehe. Mwenye cha kusamehe ni yule mwanamke, na hakuna anayemuuliza.

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi miaka mingi ofisi ya baraza la leseni, upande wa mashauri ya nidhamu, nikiandika na kutunza hizo hizo karatasi. Niwasaidie jinsi ya kuzisoma.

Kwanza hakikisha ni yeye. Majina hufanana kuliko watu wanavyodhani. Linganisha namba ya usajili iliyo kwenye uamuzi na ile iliyo kwenye cheti chake ukutani au kwenye rejista ya baraza. Nimeshuhudia mtu akipoteza wateja kwa kosa la mwingine mwenye jina kama lake.

Pili, tofautisha malalamiko, tuhuma na kosa lililothibitika. Yeyote anaweza kulalamikiwa. Magazeti hupenda siku ya malalamiko na husahau siku ya uamuzi, kwa hiyo mtandaoni mtu anabaki mtuhumiwa milele. Wewe una bahati, umeshika uamuzi wenyewe. Tafuta ndani yake sehemu inayosema kama alikiri au alikana, na kama alikiri, alikiri lini. Aliyekiri mwanzoni alimwepusha mlalamikaji asihojiwe na kubanwa maswali mbele ya jopo. Aliyekiri baada ya ushahidi kusomwa ni habari nyingine. Kwangu mimi mstari huo una uzito kuliko idadi ya miezi aliyosimamishwa.

Tatu, angalia rejista ya leo. Uamuzi ni wa zamani, rejista ni ya sasa. Itakuonyesha kama leseni iko hai, kama ina masharti, kama kuna shauri jipya. Msilichukulie jambo hili kirahisi, kwa sababu majina ya kazi hayalindwi sawasawa kila mahali. Uingereza, kwa mfano, huwezi kujiita mwanasaikolojia wa tiba bila kusajiliwa, lakini neno la Kiingereza lenye maana ya mshauri halilindwi na sheria. Aliyefutwa kwenye rejista anaweza kuondoa cheo kimoja mlangoni, akabandika kingine, akaendelea na kazi.

Na msidhani injini za utafutaji zinaonyesha yote. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuomba viungo fulani viondolewe kwenye matokeo ya utafutaji wa jina lake. Ukurasa wenyewe hubaki ulipo, ila hauonekani kirahisi. Kutoona kitu huko si ushahidi kwamba hakipo. Nenda kwenye rejista.

Kuhusu kama alipaswa kukuambia: mara nyingi mtaalamu analazimika kumweleza mteja pale tu masharti yaliyowekwa na baraza yanapomtaka hivyo. Adhabu ikishaisha, kwa kawaida hana wajibu wa kuitangaza kwa kila anayeingia. Ila ukimuuliza na akakudanganya, huo ni uvunjaji mpya wa maadili, na unaweza kuuripoti.

Mlango_Wazi

Nami ni mshauri, na pia nina mshauri wangu, kwa hiyo viti vyote viwili nimevikalia.

Watu mara nyingi huuliza kuna ubaya gani mtu mzima kumkopesha mtu mzima mwenzake. Ubaya ni kwamba chumba kile kina nguvu zisizolingana. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya uchambuzi wa nafsi, mwaka 1915 aliwaonya madaktari wenzake kwamba mgonjwa akimpenda tabibu, tabibu asijisifu kwamba ni kwa uzuri wake. Hali ya matibabu ndiyo inayozaa mapenzi hayo. Ndivyo ilivyo pia kwa kuaminiwa, kupewa zawadi na kukopeshwa. Mteja haoni kama anampa fulani, anaona anampa mtu anayemwokoa. Ndiyo maana maadili ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani yanakataza uhusiano wa kimapenzi hata na aliyekuwa mteja, walau kwa miaka 2 tangu huduma iishe, na baada ya hapo bado mshauri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba hakumtumia mtu. Nguvu ile haiishi siku mnapoagana.

Upepo, mwambie. Ukikaa na siri hii, kila atakalosema utalipima kwanza, na kikao kitakuwa mchezo wa kuviziana. Usianze kwa kuomba radhi kwamba ulimtafuta mtandaoni. Karatasi ni ya umma, iliwekwa pale ili isomwe na watu kama wewe. Lianzishe mwanzo kabisa wa kikao, siyo dakika za kuaga, na ichapishe, uiweke mezani.

Kisha sikiliza. Akianza na "kwa nini umeamua kunichunguza?", ameshakugeuzia kibao, swali lako limekuwa ugonjwa wako. Akilia ukajikuta unambembeleza, simama uondoke. Akieleza shida alizokuwa nazo wakati ule, talaka, madeni, uchovu, akafika mwisho bila kumtaja Mteja A, basi hajafika. Unachotaka kusikia ni kwamba anajua alimfanyia nini yule mwanamke, na anafanya nini leo ili kisirudiwe. Muulize kama bado ana msimamizi, yaani mtaalamu mwenzake anayempitishia kazi zake. Kwa mtaalamu mzoefu, kwenda kwa msimamizi kwa hiari yake ni alama nzuri.

Na jambo moja ambalo wateja hawaambiwi: anaweza kujibu vizuri kabisa na wewe ukaondoka vilevile. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Bordin mwaka 1979 aliandika kwamba ushirika wa tiba unasimama juu ya makubaliano ya malengo, makubaliano ya kazi, na kifungo cha imani kati ya wawili. Kifungo kikikatika huhitaji ruhusa ya mtu, wala huhitaji kumtia hatiani kwanza.

Nahodha

Mlango Wazi, hapo kwenye kusimama na kuondoka akilia, tuko pamoja. Ila mimi nisingempa hata hicho kikao kimoja.

Upepo_Mwanana

Ndugu zangu, nimerudi. Asanteni sana, na Sauti ya Pili, nimeyasoma maneno yako mara nyingi. Pole kwa yaliyokukuta.

Namba ya usajili ni yake. Rejista inaonyesha leseni hai, haina masharti, hakuna shauri jingine. Kwenye uamuzi alikiri mapema, kabla Mteja A hajaitwa kutoa ushahidi. Karani, nisingejua kuutafuta mstari huo.

Jana nilikwenda na karatasi nikaiweka mezani kabla sijakaa vizuri. Aliitazama. Hakuigusa. Akasema, "Ni mimi." Hakuniuliza niliitoa wapi wala kwa nini. Alinyamaza, kisha akaniambia nimuulize chochote, na kwamba asiloweza kujibu ni lile linalomgusa yule mwanamke, kwa sababu siri zake bado ni zake.

Nikamuuliza kama pesa alilipa. Alilipa, baada ya kuamriwa. Lile neno "baada ya kuamriwa" alilisema mwenyewe, sikumvuta. Nikamuuliza alimkosea nini. Alisema alimfanya mtu aliyekuja kutunzwa awe mtunzaji, na alipochoka kutunza akamtupa. Hakuitaja talaka hata mara moja. Msimamizi anaye hadi leo, kwa hiari, na akaniambia atamweleza kuhusu kikao chetu bila kutaja jina langu. Nikamuuliza kuhusu kalamu. Akasema tangu wakati ule hapokei kitu kwa mteja, hata kidogo, wala hajibu ujumbe usiku.

Hapo nilipandwa na hasira, na sikuitarajia. Kila kilichoniponya mle ndani, ile saa iliyogeuzwa kwangu, ile mistari mifupi ya asubuhi, kilinunuliwa na mwanamke nisiyemjua. Yeye alilipa, nikatunzwa mimi. Nilimwambia hivyo hivyo. Alisema, "Ndiyo." Hakujitetea.

Kwa hiyo BinSubira, kwa ninavyoona mimi, amebadilika. Naamini hilo. Na bado naondoka.

Nilipotoka nje nikagundua kwamba saa nzima imepita na kaka yangu hakutajwa. Nilikuwa nampima mshauri, napima sauti yake, mikono yake, mahali anapoangalia. Alijibu vizuri kila nilichouliza, lakini kikao kilikuwa chake. Sauti ya Pili, wewe uliniuliza natoka nimebeba habari za nani. Nilitoka na zake. Si kwa kosa alilofanya jana, najua. Ila mimi nilimtafuta mshauri kwa ajili ya kaka, na sitaki kuutumia msiba wangu kuangalia kama mtu mwingine amepona.

Nilimpigia leo asubuhi. Tumekubaliana tuwe na vikao viwili vya kufunga, na kwamba habari za fedha hazitaguswa. Amenipa majina ya washauri wawili, akaniambia niko huru kutafuta mwingine nisiyepewa na yeye. Nitatafuta mwenyewe, nikianzia kwenye rejista.

Mfanyakazi mwenzangu sijampa jina. Nimemweleza jinsi ya kutafuta.

Karani, swali la mwisho: kumbukumbu zangu zinahamaje? Sitaki mshauri mpya aanze kwa kusoma kila nililolisema kuhusu fedha.

Karani_Mstaafu

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufunga. Kwa kawaida kumbukumbu hazitumwi kwa mshauri mwingine bila ridhaa yako, na ridhaa unaweza kuiwekea mipaka: unaandika zipi ziende na zipi zisiende. Unaweza pia kukataa zisihame kabisa, ukaanza upya kwa kusimulia mwenyewe. Wengi hupeleka muhtasari wa ukurasa mmoja tu: sababu ya kuja, muda, yaliyofanyika, dawa kama zipo. Mwombe auandike kabla ya kikao cha mwisho, muusome pamoja, na usichokitaka kitoke mbele yako.

Kuomba nakala ya jalada lako ni haki katika nchi nyingi, ila uliza linahusu nini hasa. Marekani, chini ya HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za afya, mteja ana haki ya kuona kumbukumbu zake za matibabu, lakini yale maandishi binafsi ambayo mshauri huyaweka kando na jalada hayamo. Muulize kama ana daftari la aina hiyo, linakaa wapi, na litateketezwa lini. Majibu ayape kwa maandishi, yenye tarehe na saini yake.

Upepo_Mwanana

Asante mzee wangu. Muhtasari wa ukurasa mmoja unanitosha, na suala la fedha halitakuwemo. La daftari nitamuuliza kwenye kikao kijacho, na jibu nitaliomba kwa maandishi.